Roma kwa wawili, siku moja: lipieni lango moja tu

Msimu wa harusi ukiisha Nyanda za Juu Kusini, kamati ikishavunjwa na deni la ukumbi likishalipwa, wapo maharusi wachache wa Mbeya, Iringa na Njombe ambao fungate yao haiishii Matema wala Kitulo. Wanavuka bahari. Wakitaja Ulaya, wengi huanza na Roma, na sababu inaeleweka. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia wako Tosamaganga tangu 1919, na kuna nyumba nyingi za Iringa ambazo babu alijifunza useremala kwa bruda Mwitaliano.

Tathmini hii ni ya siku moja, alfajiri hadi usiku, kwa watu wawili wanaotembea kwa miguu. Tunaipa Roma nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea kwenye foleni na mikononi mwa walanguzi wa tiketi, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inaepukika mkikubaliana jambo moja kabla hamjapanda ndege: kwa siku moja lipieni lango moja kubwa tu. Ama Colosseum, uwanja wa kale wa mapambano, ama Makumbusho ya Vatikani. Wanaotaka yote mawili hufanya hesabu ya saa za kutazama na kusahau saa za kusimama. Makumbusho yanakula saa tatu bila kupumzika, Colosseum na magofu yake saa tatu nyingine, na kati yake kuna karibu kilomita nne za mjini, mashine za ukaguzi kila mlango na chakula cha haraka mlichokula mmesimama. Jioni bibi harusi amevua viatu, bwana harusi amenuna, na hakuna aliyekumbuka kuangalia juu.

Kwa wawili tunachagua Colosseum. Makumbusho ya Vatikani ni hazina, ila njia yake ni moja na umati unawasukuma kuelekea Kanisa la Sistina. Mkifika humo, ambamo Michelangelo alichora dari kati ya 1508 na 1512, hairuhusiwi kupiga picha wala kuongea. Mtu anayependa michoro kwa dhati ayape siku yake peke yake, na asiende Jumapili, kwa kuwa hufungwa isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Tiketi ni yuro 20, na mkinunua mtandaoni huongezwa yuro 5 kila mtu. Lipeni hizo 5. Foleni ya wasio na tiketi huzunguka ukuta wa Vatikani mpaka mtu akate tamaa.

Tiketi ya kawaida ya Colosseum ni yuro 18, na ndani yake kuna magofu ya jirani: Jukwaa la Kirumi na Kilima cha Palatino. Tovuti rasmi ni ticketing.colosseo.it, na tiketi hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe ya kuingia. Watu wa kwetu hukwama hapa kwa mambo matatu. La kwanza ni kadi ya benki ambayo haijafunguliwa malipo ya mtandaoni. Ombeni benki iifungue wiki moja kabla, au tengenezeni kadi ya Visa ya M-Pesa na kuijaza. La pili ni jina. Tiketi huandikwa jina la kila mmoja, na mlangoni wanaomba pasipoti, kwa hiyo bibi harusi asijiandikishe kwa jina la mumewe wakati pasipoti bado ina jina la baba yake. La tatu ndilo linaloumiza zaidi, nalo ni saa. Tiketi ikiandikwa 15:00 ni saa tisa alasiri. Ikiandikwa 9:00 ni saa tatu asubuhi, wala si saa tisa. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili huteleza hapa kirahisi, na ukichelewa hurudishiwi pesa. Andikeni saa zote mbili kwenye karatasi moja.

Kuna mtego mwingine wa majira. Wakati wa baridi, Novemba hadi mwisho wa Februari, geti hufungwa saa kumi na nusu jioni na wa mwisho kuingia ni saa tisa na nusu. Mkichukua tiketi ya saa tisa mwezi Desemba, mtaiona Colosseum na kuyakosa magofu mliyokwisha kuyalipia. Majira hayo chukueni saa saba mchana. Kuanzia Aprili hadi Septemba chukueni saa tisa na nusu au kumi, jua likiwa limelegea. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, na Jukwaa la Kirumi halina kivuli cha kutosha hata kwa mbuzi. Mtu aliyekulia Makete au Njombe ataumia. Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Januari asubuhi ni kama Mafinga mwezi Julai, sweta na koti vinatosha.

Anzeni siku Vatikani, bure. Basilika la Mtakatifu Petro hufunguliwa saa moja asubuhi, na saa hiyo mstari wa ukaguzi ni mfupi. Ikifika saa nne, mstari huo umeshazunguka uwanja. Metro ni mstari A, shukeni Ottaviano, kisha tembeeni dakika kumi. Walinzi wa mlangoni hawabishani kuhusu mavazi: mabega na magoti yafunikwe, mwanamume naye asije na kaptura. Khanga moja kwenye mkoba inamaliza tatizo, na baadaye ni ya kukalia bustanini. Mkifika mlangoni bila kitu cha kujifunika mtalazimika kununua mtandio kwa wachuuzi wa nje.

Ndani, geukieni kulia mara moja. Pietà ya Michelangelo, sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa, iko hapo, nyuma ya kioo tangu ilipopigwa nyundo 1972, na asubuhi mnaweza kusimama mbele yake dakika tano nzima bila kusukumwa. Ajabu nyingine iko nje, uwanjani. Bernini aliuzungushia nguzo 284 katika safu nne. Chini, kati ya mnara wa Misri na kila chemchemi, kuna jiwe la duara. Mmoja wenu asimame juu yake na kutazama nguzo, na safu zote nne zitajipanga nyuma ya moja. Akitoka hatua mbili, zinatawanyika. Badilishaneni. Haina kiingilio.

Kupanda kubani? Ngazi ni 551, au 320 mkilipia lifti mpaka kwenye paa. Sehemu ya mwisho ukuta unainama kufuata kuba, nanyi mnainama nao. Mwenye kuogopa nafasi finyu asipande, kwa sababu njia ya kupanda si ya kushuka na huwezi kugeuka katikati. Kwa afya ya kawaida ya mtu aliyezoea kupanda Loleza, ni kazi ya dakika arobaini kupanda na kushuka, na inalipa, mradi mfike kabla ya saa mbili asubuhi.

Kwa waliofunga ndoa kanisani hivi karibuni kuna jambo ambalo wengi wa kwetu hulisikia wakiwa wamesharudi nyumbani. Katika Katekesi ya Jumatano ya Papa, wanandoa wapya, wanaoitwa kwa Kiitaliano sposi novelli, hutengewa sehemu yao na hupewa baraka. Tiketi ni bure na huombwa Prefettura della Casa Pontificia, ofisi ya nyumba ya Papa, vizuri zaidi kwa barua ya paroko. Mnakuja mmevaa nguo za harusi, mkiwa na cheti cha ndoa ya Kanisa. Hapa ndipo mshonaji wa Mwanjelwa anapoingia: shela lenye tabaka tano za neti halikunjiki kwenye begi la kilo 23, na likifika Roma limejikunja kama karatasi. Shonesheni gauni jeupe la pili, jepesi, lisilohitaji pasi. Julai katekesi husimama, hivyo msipange mwezi huo. Na kama hamwendi katekesi, epukeni kabisa Vatikani Jumatano asubuhi, maana uwanja unajaa viti na ukaguzi unarefuka.

Tokeni Vatikani kwa miguu kupitia daraja la Sant'Angelo, lenye malaika wa mawe pande zote mbili, mkienda Piazza Navona. Ni mwendo wa dakika ishirini hivi. Katikati ya uwanja huo ipo Chemchemi ya Mito Minne, kazi ya Bernini ya 1651: Danube, Ganges, Río de la Plata na Nile. Mtafuteni Nile. Ndiye aliyefunikwa kichwa kwa kitambaa cha jiwe, kwa sababu Ulaya ya wakati ule haikujua mto huo unaanzia wapi. Zaidi ya miaka 200 baadaye, 1858, mpelelezi Mwingereza Speke alifika kwenye ziwa la chanzo hicho huko Mwanza, ambako wavuvi walikuwa wakitupa nyavu vizazi na vizazi. Mtanzania hawezi kulipita sanamu lile hivi hivi. Pigeni picha hapo kabla ya pengine popote.

Dakika tano mbele kuna Pantheon, hekalu la kale la Kirumi. Kiingilio ni yuro 5 tangu Julai 2023, na tunasema lipeni, maana lango dogo namna hii halivunji kanuni yetu. Kuba lake lina kipenyo cha mita 43.3, la zege lisilo na nondo, na limesimama tangu karne ya pili. Siri yake iko kwenye mchanganyiko. Chini wajenzi walitia mawe mazito na kuufanya ukuta uwe na unene wa zaidi ya mita 6, na kadiri walivyopanda waliupunguza na kutia mawe mepesi ya volkano, yenye matundu, ndugu wa yale yanayookotwa mashambani kuzunguka Mlima Rungwe. Juu kabisa kuna tundu wazi la mita karibu 9. Mvua ikinyesha inaingia, na sakafu ina vitundu vya kuyanywa maji hayo. Kwa hiyo mvua ikianza msikimbilie hotelini. Kimbilieni Pantheon.

Trevi ni dakika kumi kutoka hapo, na ndipo penye msongamano mbaya kuliko pote. Chemchemi hii ilikamilika 1762 na bado inalishwa na njia ya mfereji uliozinduliwa mwaka 19 kabla ya Kristo. Tangu Februari 2026 watalii wanalipa yuro 2 kushuka karibu na maji mchana. Kutazama kutoka uwanjani juu ni bure. Sarafu hurushwa kwa mkono wa kulia kupitia bega la kushoto, mgongo ukielekea maji, na zikikusanywa huenda Caritas kwa ajili ya maskini. Saa sita mchana hamtaona maji kwa vichwa vya watu, kwa hiyo piteni haraka, na kama mnaipenda sana rudini usiku.

Chakula cha mchana kisiliwe hapo wala popote ambapo mtu amesimama mlangoni akiwavuta kwa menyu yenye picha. Tembeeni mitaa mitatu nje ya uwanja wowote mashuhuri. Kwa bei nafuu tafuteni pizza al taglio, pizza ya kukatwa, inayouzwa kwa uzito. Bei iliyobandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, yaani etto, si ya kipande, na hapo ndipo mteja mgeni hushtuka kwenye kaunta. Onyesheni kwa vidole ukubwa mnaoutaka kabla kisu hakijashuka. Supplì, donge la wali lenye jibini ndani na kukaangwa, linashibisha, na aliyezoea wali atalipenda. Waislamu wajue kwamba tambi za carbonara na amatriciana zina nyama ya nguruwe. Cacio e pepe haina nyama, ni tambi zenye jibini na pilipili manga tu. Mkikaa mezani, mkate uletwao bila kuagizwa unaweza kuonekana kwenye bili. Mkiutaka kuleni, msipoutaka rudisheni mapema. Jikoni nyingi hufungwa kati ya saa tisa alasiri na saa moja na nusu jioni, kwa hiyo anayesema "tutakula baadaye" hulala njaa.

Kahawa tunaipa nyota zote tano, na mkulima wa Mbozi au Mbinga anastahili kuionja ikiwa imefikia mwisho wa safari yake. Ukiagiza caffè unaletewa kikombe kidogo kizito, cha kumalizwa kwa mafunda matatu. Kinyweni mkiwa mmesimama kaunta. Kikombe kile kile mkikikalia mezani kwenye uwanja wenye watalii, bei inaweza kuzidi mara mbili au tatu, na bei zote mbili huwa zimebandikwa ukutani. Kwenye baa nyingi mnalipa kwanza kwa keshia, kisha mnapeleka risiti kaunta. Kahawa hiyo pia ndiyo tiketi ya choo, maana vyoo vya umma ni vya kutafuta kwa tochi.

Maji msinunue. Mjini kuna mabomba ya chuma karibu 2,500 yanayotiririka usiku na mchana, wenyeji huyaita nasoni, na ni maji safi ya kunywa. Zibeni mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kutoka kitundu cha juu na mtakunywa bila kuinama. Bebeni chupa moja ya lita moja kwa wawili.

Sasa vinavyoharibu siku. Kiatu cha kisigino kirefu hakitembei Roma: barabara za kati zimetandikwa vijiwe vya basalti vyenye nafasi katikati, na kisigino hunasa. Raba. Basi namba 64, linalotoka kituo kikuu cha treni cha Termini kuelekea Vatikani, linajulikana kwa vibaka, sawa na metro mstari A saa za msongamano. Hufanya kazi wawili au watatu mlango unapofunguka, mmoja anajikwaa mbele yenu, mwingine yuko kwenye mkoba. Mkoba uwe kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma. Karibu na Colosseum na Vatikani kuna vijana watakaowaita "Afrika, ndugu yangu!" wakitaka kuwafunga bangili ya uzi. Mwafrika mwenzako akikusalimu ugenini moyo unalegea, na ndiyo sababu njia hii inatunasa sisi kuliko Wazungu. Itikieni salamu kwa heshima, mikono ikiwa mfukoni, endeleeni kutembea. Waridi la "bure" analopewa mke huombwa pesa kwa mume. Waliovaa kama askari wa Kirumi hudai malipo baada ya picha. Na msikae kwenye Ngazi za Kihispania, kuna faini tangu 2019.

Usafiri wa ndani ni mzuri na wa bei nzuri. Tiketi moja ni yuro 1.50, hudumu dakika 100, na ndani yake safari ya metro ni moja tu. Mabasi lazima mgonge tiketi kwenye mashine mkishapanda. Kuwa nayo mfukoni bila kuigonga ni sawa na kutolipa, na faini yake ni kubwa. Mkilipa kwa kugusisha kadi ya benki, kadi moja ni abiria mmoja. Wanandoa wenye kadi moja hugusa mara mbili wakidhani wamelipia wote, kumbe mmoja hana tiketi. Wa pili anunue ya karatasi dukani, kwenye alama ya T. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express hadi Termini ni yuro 14 kila mtu na dakika 32. Treni ya FL1 ni yuro 8 na inapita mtaa wa Trastevere, nasi tunaipendelea kama hoteli iko upande huo. Teksi ina bei moja ya yuro 55 hadi ndani ya kuta za kale, kwa gari zima.

Colosseum yenyewe, mkiingia saa yenu, haitawaangusha. Ilizinduliwa mwaka 80, ukuta wake unafika karibu mita 48, na sakafu ya mapambano imebaki kipande tu, hivyo mnaona chini vyumba walikofungiwa wanyama, wakiwemo simba waliovushwa bahari kutoka Afrika Kaskazini. Pandeni kwanza ghorofa ya juu, kisha shukeni. Umati hufanya kinyume. Palatino msiikose hata mkiwa mmechoka, kwa kuwa juu yake kuna misonobari, upepo, na Jukwaa lote liko chini yenu.

Mkitoka, msishawishike na Mdomo wa Ukweli, lile jiwe linalosemekana kuuma mkono wa mwongo. Ni foleni ndefu kwa picha moja. Pandeni kilima cha Aventino, dakika kama 15 kutoka kituo cha Circo Massimo, mpaka Bustani ya Michungwa. Tandikeni khanga. Mto Tiber uko chini, kuba la Mtakatifu Petro liko mbele, na jua linazama upande huo. Mahali hapa pamoja na jiwe la Bernini ndivyo tunavyovipa alama za juu katika siku nzima, na vyote viwili havina kiingilio. Hatua chache zaidi kuna lango la Mashujaa wa Malta: wekeni jicho kwenye tundu la ufunguo, kuba litaonekana mwishoni mwa kichochoro cha miti, limekaa katikati kabisa.

Chakula cha jioni kiwe Trastevere, mwendo wa dakika ishirini kuvuka mto. Kaeni kuanzia saa mbili usiku, kabla hapo ni watalii tu. Eneo hili halina metro. Tramu namba 8 inawatoa hadi Piazza Venezia. Metro hufungwa saa tano na nusu usiku Jumapili hadi Alhamisi, na saa saba na nusu Ijumaa na Jumamosi. Mkipitiwa na muda, teksi rasmi ni nyeupe na ina mita, nayo ichukuliwe kwenye kituo chake, maana ya kupungia mkono barabarani mara nyingi haisimami.